Umefanyiwa Ruti Kanali na Jino Bado Linauma? Cheki Kalenda ya Uchungu Kabla Uling'oe

Umetoa doh, ukadungwa ganzi, ukakaa mdomo wazi karibu saa nzima, ukaambiwa neva imetolewa. Siku tatu baadaye unauma mutura pale Kitengela na jino linakupiga shoti hadi kwa sikio. Unajiuliza, kama neva ilitolewa, sasa nini inauma?

Tulia kwanza msee. Kwa ruti kanali (si yule wa jeshi) daktari anafungua jino, anatoa nyama iliyooza ndani, anasafisha mizizi na kuifunga. Ndani ya jino hakuna tena kitu cha kuuma. Lakini jino halikai hewani. Limeshikwa kwa mfupa wa taya na nyuzi ndogo ndogo, na hizo nyuzi ziko na neva zao. Vifaa na dawa vikifika ncha ya mzizi, hapo nje panawashwa na kuvimba. Ni kama mwiba wa mguu: umeutoa, lakini ukikanyaga bado unaruka.

Kalenda iko hivi

Siku 1 hadi 3: Ganzi imeisha na uchungu uko juu, haswa ukiuma kitu.

Siku 4 hadi 7: Unafaa kushuka kila siku, hata kama ni kidogo.

Wiki ya 2: Unasikia tu ukiuma kitu kigumu ama ukigonga jino na kidole.

Baada ya hapo: Kama uko vile vile, ama unapanda, rudi kwa daktari. Hata usingoje wiki mbili kama ulikuwa umeshuka halafu ukaanza kupanda tena.

Kwa hivyo usijiulize tu "inauma aje?" Jiulize "leo ni afadhali kuliko jana?" Uchungu unaoshuka ni kupona. Unaopanda unakuambia kuna kitu.

Dawa bila kujiumiza

Kwa mtu mzima asiye na shida nyingine, ibuprofen ya mg 400 baada ya kula, kila saa 8, inasaidia sana juu inapunguza uvimbe. Bila daktari usipite mg 1200 kwa siku. Ikikataa, unaweza ongeza paracetamol, mg 1000 kwa wakati, isipite mg 4000 kwa saa 24. Hizi mbili zinafanya kazi tofauti, ndiyo maana zinaenda pamoja. Chunga tu, vidonge vingi vya kichwa vya dukani tayari vina paracetamol ndani.

Noma inaanza hapa: usichanganye ibuprofen na diclofenac. Hizo ni ndugu, na zikipatana tumboni zinakuachia vidonda. Kama uko na vidonda vya tumbo, shida ya figo, asthma, mimba, ama unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, ongea na daktari kabla ya kugusa ibuprofen.

Amoxil na Flagyl za kujinunulia kwa kemisti? Antibiotiki si dawa ya uchungu. Kama hakuna uvimbe wala homa, zinakula tu ganji yako. Na aspirin usiiweke kwa fizi. Inachoma nyama ya mdomo.

Tafuna upande ule mwingine. Nyama choma, mahindi choma na githeri ngumu zingoje. Muguka na bigijii pia, buda. Kutafuna masaa manne juu ya jino lililotoka tu kufanyiwa kazi ni kulinyima nafasi ya kupona. Sukutua na maji vuguvugu, nusu kijiko cha chumvi kwa kikombe. Na usijidai maji ya kisima ya Kite tayari yana chumvi. Tengeneza yako.

Kama kalenda imekataa

Kuna sababu kadhaa, na kila moja ina dawa yake.

Mjazo uko juu. Ukifunga mdomo, hilo jino ndilo linagusa la kwanza. Daktari anausugua dakika chache na unasikia tofauti.

Mjazo wa muda unavuja, ama jino limepata ufa. Meno ya nyuma yakishafanyiwa ruti kanali yanavunjika rahisi, ndiyo maana unaambiwa uweke krauni. Wengi huchomoka hapo juu doh imeisha. Kabla uanze matibabu, uliza bei ya vyote viwili.

Mzizi umesahaulika. Magego ya juu mara nyingi yana njia nne badala ya tatu, na ile ya nne imejificha. Ikibaki na uchafu, inabidi jino lifunguliwe tena.

Si hilo jino. Inaweza kuwa jirani yake, sainasi, ama maungio ya taya kwa wale wanaosaga meno usingizini.

Neva zenyewe. Mwaka wa 2010, uchambuzi wa tafiti nyingi ulipata kwamba kama watu 5 kwa 100 bado walikuwa na uchungu miezi 6 baada ya ruti kanali. Wengine wao jino lenyewe halikuwa na shida. Hapo unahitaji dawa za neva, na ukiling'oa unaweza kubaki na pengo na uchungu bado uko.

Halafu kuna hii ya Kajiado: maji ya visima vingi huku yana floridi nyingi, ndiyo inafanya meno kuwa ya kahawia. Hiyo rangi si ndiyo inakuumiza baada ya ruti kanali, kwa hivyo mtu asikwambie "ni maji tu" ukaacha kurudi.

Rudi wapi?

Anza na aliyekutibu, na uombe eksirei. Ukitaka macho mengine, ulizia kitengo cha meno pale hospitali ya kaunti ndogo Kitengela ama hospitali ya rufaa Kajiado. Kazi ikiwa ngumu, omba barua ya kuona mtaalamu wa mizizi ya meno Nairobi. Ukienda kliniki mpya, cheki jina la daktari kwa rejista ya KMPDC mtandaoni. Ni bure.

Lakini uso ukivimba, homa ikipanda, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza ama kupumua, sahau kalenda. Hiyo ni hospitali usiku huo huo, juu usaha unaweza kushuka hadi shingo.

Ukifika kwa daktari, mwambie mambo manne: ilianza lini, inapanda ama inashuka, inauma yenyewe ama ukiuma kitu, na umemeza nini. Na kabla useme "ng'oa tu," muulize: una uhakika ni hili jino?