Mbegu ya Mpunga "Iliyochunguzwa Jeni": Je, Inafaa Kuliwa?



Tumepokea swali la ndugu yetu mwenye asili ya Pemba anayeishi Mollo, karibu na Sumbawanga. Kule juu Ufipa ni baridi, watu hulima mahindi na maharage. Shamba lake la mpunga liko chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa. Msimu uliopita mpunga uligeuka manjano, ukadumaa, ukatoa mapepe matupu. Bwana shamba akamshauri atafute mbegu "iliyochunguzwa jeni". Mama yake amekataa katakata: mbegu hiyo imechezewa, hatoipika wala hatowalisha wajukuu. Je, aipande?

Hukumu ya kitu hufuata kukifahamu, basi tuanze na hapo. Kila chembe hai ya mpunga imebeba maandishi ya urithi, na jeni ni mfano wa sentensi zake. Wataalamu wa nchi kadhaa walikamilisha kuyasoma mwaka 2005: herufi takriban milioni 389. Lakini mmea hauzitumii jeni zote kwa pamoja. Jeni ya ua hunyamaza mzizini. Hata ile harufu ya basmati tunayoisifu kwenye biriani inatokana na jeni moja, BADH2, iliyoharibika tangu zamani. Ikifanya kazi sawasawa, harufu haipatikani. Hapakuwa na maabara hapo, ni wakulima na pua zao.

Sasa kuhusu manjano. Huenda ni upungufu wa mbolea, na huenda ni kimyanga, ugonjwa wa virusi ulioonekana kwanza Kenya mwaka 1966 na unaoenezwa na wadudu kama mbawakavu. Kirusi hiki hakina nyenzo zake. Hujishikiza kwenye nyenzo ambayo mmea wenyewe huitumia kufanyia kazi maagizo ya jeni zake. Kuna mpunga wa Msumbiji uitwao Gigante ambao nyenzo hiyo ina tofauti ndogo sana, na kirusi hakipati pa kushika. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2006. Mzalishaji wa mbegu huvusha chavua kutoka ua hadi ua, kisha husoma jeni za miche ajue upi umerithi kinga, badala ya kusubiri ugonjwa uje umwoneshe.

Kusoma huku si kupandikiza jeni ya kiumbe kingine. Kupandikiza ni mas-ala mengine, nayo hutazamwa jeni imetoka wapi. Ama kuvusha na kuchagua, asili yake ni ruhusa, na kisa cha upandishaji wa mitende ya Madina katika Sahih Muslim kinajulikana. Hapa Zanzibar tunayo SUPA BC, iliyopatikana kwa kuipiga mionzi mbegu ya Supa kwa msaada wa IAEA na FAO. Mionzi haibaki kwenye wali.

Kwa hiyo hana dhambi akiipanda. Ila asimpikie mama yake kwa kificho, hilo hatulikubali. Amuulize bwana shamba jina la mbegu na namna ilivyozalishwa, athibitishe kwanza kuwa ugonjwa ni kimyanga, amweleze mama kwa upole, kisha aanze na jaruba moja.

Wallahu a'lam.