Wodini Nako Ushahidi Hutangulia Amri

Kila askari aliyepitia mafunzo anafahamu kwamba kamanda hakipeleki kikosi chake mbele kabla hajapokea taarifa za wapelelezi. Akikipeleka kwa mazoea tu, kwa kuwa njia ile ndiyo iliyopitwa jana na juzi, huwatia watu wake mtegoni. Leo twapenda kuwakumbusha askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi, kwamba kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala uuguzi wa kisasa. Wataalamu huuita uuguzi unaotegemea ushahidi. Maana yake ni kwamba muuguzi humhudumia mgonjwa kwa yale yaliyopimwa na kuthibitishwa, akiyaunganisha na ujuzi wake mwenyewe na hali ya mgonjwa aliye mbele yake. Haitoshi kusema kwamba ndivyo ilivyofanywa tangu zamani.

ADUI ALIYEKUWA CHINI YA SAKAFU

Historia ya jambo hili ilianzia jeshini. Mwezi Novemba 1854, wakati wa Vita vya Krimea, mwanamke Mwingereza aitwaye Florence Nightingale aliwasili katika hospitali ya jeshi huko Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, akiwa na wauguzi wanawake 38. Aliwakuta majeruhi wamelala katika uchafu na msongamano mkubwa. Alileta usafi wa nguo, chakula bora na utaratibu. Lakini majira yale ya baridi askari waliendelea kufa kwa wingi. Kwa hesabu zilizokusanywa, mwezi Februari 1855 walikufa takriban askari 42 katika kila 100 waliolazwa.

Mwezi Machi 1855 serikali ya Uingereza ilituma tume ya usafi. Wajumbe wake walikuta mifereji ya maji machafu imeziba chini ya jengo lenyewe. Waliisafisha, wakaruhusu hewa kupita na kuyalinda maji ya kunywa. Kufikia mwezi Juni vifo vilishuka hadi 2 katika kila 100.

Baada ya vita Nightingale alikaa chini na mtaalamu wa takwimu, William Farr, wakapitia daftari za vifo. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba askari wengi hawakuuawa na risasi za adui, bali na maradhi ambayo yangaliweza kuzuiwa. Mwaka 1858 aliyaonyesha hayo kwa michoro ambayo hata waziri asiye na subira aliweza kuielewa. Watu wengi wanamkumbuka kwa taa yake ya usiku. Sisi tungependa askari wamkumbuke pia kwa daftari lake.

MKANDA WA KUZUIA DAMU

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na miaka yetu. Kwa muda mrefu askari wa nchi nyingi walifundishwa kwamba mkanda wa kukaza mkono au mguu unaotokwa damu ni hatua ya mwisho kabisa, kwani uliogopwa kuwa ungesababisha kiungo kukatwa. Mwaka 2006 madaktari wa jeshi la Marekani mjini Baghdad walianza kuandika habari za kila majeruhi aliyefungwa mkanda huo. Taarifa yao, iliyochapishwa 2009, ilihusu majeruhi 232. Waliofungwa mapema, kabla mwili haujazimia kwa kuishiwa damu, walipona 9 katika kila 10. Waliofungwa baada ya kuzimia, alipona 1 tu katika kila 10. Wala hapakuonekana kiungo kilichopotea kwa sababu ya mkanda wenyewe. Hivyo hofu iliyorithiwa kutoka kizazi hadi kizazi ilikuwa ikigharimu maisha, na ilitulizwa kwa kuhesabu.

USHAHIDI ULIOTOKA KWETU

Asidhani msomaji kwamba ushahidi huja kutoka ng'ambo pekee. Kati ya 2009 na 2011, hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor hapa Uganda, pamoja na Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania, zilishiriki katika uchunguzi mkubwa uliohusu watoto zaidi ya 3,000. Watoto hao waliletwa wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini. Miongozo ya kimataifa ya wakati ule ilielekeza watoto wa namna hiyo watiliwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Jambo hilo lilionekana la busara, wala hakuna aliyekuwa amelipima barabara katika mazingira yetu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika saa 48 za kwanza, waliotiliwa maji mengi kwa haraka walikufa kiasi cha asilimia 10.5, wasiotiliwa, asilimia 7.3. Uchunguzi ulisimamishwa mapema ili watoto zaidi wasidhurike. Twasisitiza kwamba habari hii haiwahusu watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha. Hao hawakuwamo katika uchunguzi, na maji yangali ndiyo tiba yao. Ushahidi nao una mipaka yake, na mwenye kuutumia lazima aijue.

HATUA TANO

Je, muuguzi wa zahanati ya kambi afanyeje? Tuchukue vidonda vya kulalia, vinavyompata majeruhi asiyeweza kujigeuza. La kwanza, aulize swali lililo wazi: mgonjwa wangu ageuzwe kila baada ya saa ngapi? La pili, atafute yaliyochunguzwa. La tatu, ayapime. Uchunguzi mmoja uliochapishwa 2013, uliofanywa katika nyumba za wazee Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba kugeuzwa kila baada ya saa 2, 3 au 4 hakukuleta tofauti kubwa. Lakini wazee wale walilala juu ya magodoro mazito ya sponji bora. Je, godoro la zahanati yetu ni la namna ile? Ikiwa ni jembamba lililobonyea katikati, muuguzi mwangalifu hatakimbilia saa 4. La nne, aamue na kutenda, akishauriana na daktari na mgonjwa mwenyewe. La tano, ambalo ndilo husahauliwa zaidi, aandike na kuhesabu: ni wangapi walipata vidonda mwezi huu, na ni wangapi mwezi uliopita?

Hatua hizi hazihitaji mashine ya gharama kubwa. Zinahitaji daftari, kalamu, saa ya ukutani na moyo usioona haya kuuliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

WAJIBU WETU

Hapa wakuu wa vikosi wana sehemu yao. Muuguzi mwenye cheo cha chini anapomwambia mkubwa wake kwamba utaratibu fulani umeonekana kuleta madhara, neno lake lipokelewe kama taarifa ya mpelelezi, lisihesabiwe kuwa utovu wa nidhamu. Mpelelezi anayeogopa kusema alichokiona hana faida kwa kikosi chake. Aidha, maji safi na sabuni visikose zahanati, kwani hata ushahidi mzuri hauoshi mikono.

Askari wa kawaida naye asidharau daftari la muuguzi, bali amweleze kweli maumivu yalianza lini na alitumia dawa gani. Kila mstari ulioandikwa kwa uaminifu utamlinda mwenzake atakayeletwa kesho juu ya machela hiyo hiyo.