Kivimbe kwenye kope: si kila kimoja kinatakiwa kukatwa

Kivimbe kikitokea kwenye kope, wengi hukimbilia maji ya majani, maziwa ya mama au wembe. Mara nyingi kivimbe chenyewe hakina hatari. Dawa hizo ndizo zinazoweza kuleta kidonda kwenye jicho na hata upofu.

Vinavyoonekana zaidi ni vya aina mbili. Chokea huota kwenye ukingo wa kope, huuma na kutunga usaha. Huletwa na vijidudu. Kalazioni hutokea pale tezi ndogo ya mafuta ndani ya kope inapoziba. Huwa kigumu kama punje ya maharagi, hakiumi sana, na kinaweza kukaa wiki nyingi.

Matibabu ya kwanza ni yaleyale kwa vyote viwili, tena hayana bei. Nawa mikono, chovya kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza, kisha ukiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Usikamue wala usitoboe.

Kalazioni kisipopungua baada ya mwezi mmoja hivi, mganga wa macho anaweza kukipasua. Huchoma sindano ya ganzi, hukata upande wa ndani wa kope, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile.

Kwa mtoto, wazazi wasingoje hivyo. Kivimbe cha mviringo karibu na ncha ya nyusi, kilichoonekana tangu utoto, mara nyingi si saratani, lakini kinaweza kufika kwenye mfupa. Kukitoa ni kazi ya mganga. Kivimbe kikiinamisha kope hadi kufunika mboni, jicho hilo halijifunzi kuona, na kulirudishia uwezo huo ukubwani ni vigumu.

Dalili nyingine pia zinadai hospitali bila kukawia: kivimbe kinachorudi palepale kwa mtu mzima, nywele za kope kunyonyoka, kidonda kinachotoka damu, jicho kusukumwa mbele, kuona kupungua, au homa pamoja na jicho kuvimba. Nyama inayokua juu ya weupe wa jicho ipimwe pia, hasa kwa mwenye virusi vya ukimwi, kwani inaweza kuwa saratani.

Hapo kutazama tu hakutoshi. Mganga hukata kipande na kukipeleka maabara, na majibu ndiyo yanayoonyesha kama ni kivimbe cha kawaida au ugonjwa wa kutibiwa haraka.