Umeme bila moto: platinamu na hidrojeni zinavyozalisha nishati Afrika Kusini

Mwezi Mei 2022, Rais wa Afrika Kusini, Cyril Ramaphosa, alihudhuria uzinduzi wa lori la kubebea mawe ya madini katika mgodi wa platinamu wa Mogalakwena, jimboni Limpopo. Lori hilo, lenye uwezo wa kubeba tani 290 kwa safari moja, halikutumia dizeli. Liliendeshwa kwa umeme uliozalishwa ndani yake lenyewe na seli za hidrojeni zikisaidiana na betri, na seli hizo hutoa mvuke wa maji badala ya moshi.

Ndani ya seli hakuna kinachoungua. Hidrojeni huingizwa upande mmoja na kugusa uso wa platinamu, ambayo ndiyo kichocheo. Hapo kila molekuli hugawanyika kuwa atomu mbili, na kila atomu huachia elektroni yake. Katikati ya seli upo utando mwembamba unaoruhusu protoni kupita na kuzuia elektroni, hivyo elektroni hulazimika kuzunguka kupitia waya wa nje. Mzunguko huo ndio mkondo wa umeme. Upande wa pili elektroni na protoni hukutana na oksijeni ya hewani, pia juu ya platinamu, na kuwa maji. Seli moja hutoa chini ya volti 1, pungufu ya betri ndogo ya redio, kwa hiyo seli nyingi hupangwa pamoja mpaka nguvu inayotakiwa ipatikane.

Platinamu yenyewe haitumiki ikaisha, lakini ni ghali, na atomu zinazofanya kazi ni zile za juu tu. Zilizofichika ndani ya kipande hazina faida. Kwa sababu hiyo wataalamu huitengeneza kuwa chembe za nanomita chache zilizotandazwa juu ya unga wa kaboni. Uso huo ni dhaifu kwa jambo moja: gesi ya monoksidi ya kaboni, hata ikiwa kidogo mno ndani ya hidrojeni, hung'ang'ania juu ya platinamu na kuzuia nafasi, na umeme hupungua.

Ugunduzi huu si mpya. Mwanasayansi wa Wales, William Grove, aliuonesha mwaka 1839 kwa vipande vya platinamu, na mwaka 1965 Marekani ilizitumia seli za aina hii katika chombo cha anga cha Gemini 5.

Kwa Afrika Kusini, inayochimba takribani asilimia 70 ya platinamu ya dunia, suala hili linagusa ajira. Sehemu kubwa ya madini hayo hununuliwa kwa ajili ya vifaa vya kusafisha moshi wa magari, na gari la betri halina moshi wa kusafishwa. Mwaka 2008 Serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa utafiti wa hidrojeni uitwao HySA, ukilenga platinamu iongezewe thamani nyumbani badala ya kuuzwa ghafi.

Lipo pia swali la chanzo cha hidrojeni. Sehemu kubwa inayotengenezwa duniani leo hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na utengenezaji huo hutoa hewa ukaa. Njia safi ni kutenganisha maji kwa umeme wa jua au upepo, lakini umeme ukigeuzwa hidrojeni na kurudishwa kuwa umeme, zaidi ya nusu hupotea njiani. Kwa gari dogo la mjini, kuchaji betri moja kwa moja ni nafuu zaidi. Hesabu hubadilika kwa lori la mgodini, linalofanya kazi usiku na mchana na lisiloweza kusimama kwa saa nyingi likichajiwa.