Maumivu ya kiuno: Si kila mara kosa ni la pingili

WATU wengi wanapopatwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi kwenye makalio, jambo la kwanza wanalolihofia ni pingili za uti wa mgongo. Hofu hiyo ina msingi, lakini wakati mwingine chanzo kipo juujuu zaidi: ni mishipa midogo ya fahamu inayohudumia ngozi ya makalio.

Mishipa hiyo iko katika makundi matatu. Ya juu huchipuka kutoka kwenye neva za uti wa mgongo eneo la kiuno, hasa ya kwanza hadi ya tatu. Ya kati hutokea nyuma ya mfupa ulio chini ya kiuno, na huhudumia ngozi iliyo karibu nao. Ya chini ni matawi ya neva ya nyuma ya paja, ambayo hupinda kuelekea juu yakizunguka ukingo wa chini wa msuli mkubwa wa makalio.

Kazi ya mishipa hiyo ni kupeleka taarifa za mguso, joto, baridi na maumivu kutoka kwenye ngozi. Haiendeshi msuli wowote. Hapo ndipo inapotofautiana na neva kuu ya mguu, ambayo ikijeruhiwa, kwa mfano kwa sindano iliyochomwa mahali pasipostahili, mguu waweza kupooza.

Mishipa ya juu huvuka ukingo wa mfupa wa nyonga, kiasi cha sentimeta 7 hadi 8 kutoka katikati ya mgongo. Hapo tawi mojawapo hupenya kwenye njia nyembamba kati ya mfupa na utando mgumu. Likibanwa, maumivu yaweza kufika hata mguuni, na mgonjwa akadhaniwa ana tatizo la diski.

Ili kubaini ukweli, daktari hubonyeza ukingo huo kutafuta sehemu inayouma, kisha huchoma hapo dawa ya ganzi. Maumivu yakitulia, hiyo ni ishara kubwa kwamba neva hiyo ndiyo chanzo.

Hata hivyo, mgonjwa asijipime mwenyewe. Maumivu ya kiuno yakiambatana na miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia ama kutoa mkojo, hiyo ni dharura. Awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.