Jinsi mwanajeshi alivyomdokezea mamake alipo vitani bila kunaswa

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza waliokuwa Ufaransa walikatazwa kutaja kwenye barua mahali walipo. Maofisa walizisoma barua za vijana wao kabla hazijatumwa, maana zikinaswa na adui zingefichua kikosi kilipo.

Sasa nyumbani wangejuaje?

Wilfred Owen, luteni aliyekuwa pia mshairi, alikubaliana na mamake, Susan, watumie mafumbo.

Neno la siri
Akiandika "mistletoe", ambalo ni jina la mmea tu, mama alichukua herufi ya pili ya kila neno lililofuata. Akiziunganisha, anapata jina la mahali.

Kadi ya jeshi
Kadi hii ilikuja na sentensi zilizochapishwa tayari, kama vile "niko salama". Askari alifuta zisizomhusu. Akiongeza neno lake, kadi inaharibiwa. Owen akipiga mistari miwili kwenye sentensi inayosema anarudishwa nyuma kambini, mama anaelewa: kijana yuko mstari wa mbele.

Zaidi ya barua 500 alizomwandikia mamake zipo hadi leo. Ya mwisho, ya 31 Oktoba 1918, ilimtuliza kwamba pale alipo hakuna hatari.

Siku nne baadaye aliuawa kwenye mfereji wa Sambre–Oise, akiwa na miaka 25. Telegramu ya kifo ilimfikia mama 11 Novemba, siku ambayo vita viliisha.