Kauli ya Mwisho: Vifo vya Sinema na Vifo vya Nyumbani

Sisi tuliokulia Mombasa katika miaka ya 1980 tulikuwa na sheria moja ya sinema ambayo hakuna mtoto wa mtaani aliyethubutu kuipinga: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe ndani ya nyumba inayowaka moto, mwisho atatoka tu, akijikung'uta vumbi mabegani. Wanaokufa ni majambazi, na pengine baba yake steringi mwanzoni mwa mchezo, ili mwana apate kisasi cha kulipiza.

Sheria hiyo ilivunjika sebuleni petu usiku mjomba alipoleta kanda ya Sholay. Filamu hiyo ya Ramesh Sippy ilitoka mwaka 1975. Sisi wadogo tuliiona miaka mingi baadaye, kwa mashine ya video iliyoazimwa kwa jirani. Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, na rafikiye Veeru, aliyeigizwa na Dharmendra, walikuwa wamezongwa na majambazi, na risasi zinakaribia kwisha. Mmoja sharti aende, mmoja abaki. Jai akarusha sarafu yake, kama ilivyokuwa desturi yao, na sarafu ikaamua abaki yeye. Veeru aliporudi alimkuta anakata roho. Ni baada ya Jai kufa mikononi mwake ndipo alipoitazama ile sarafu, akagundua kuwa pande zake mbili zilikuwa sawa.

Ndugu yangu mdogo alisusa chakula usiku ule. Mama akamwambia, "Kula, mwanangu. Amitabh yu hai kwao Bombay, na pesa zake amelipwa." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Wanaokufa kweli hawalipwi kitu."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, hasa tangu mama mwenyewe alipotutoka, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika nyumba zetu nyingi za pwani, picha za Kihindi ndizo zilizotuonyesha kifo kabla hatujakiona chenyewe. Basi nimeona ni vyema tuziangalie upya baadhi ya zile za zamani, tujiulize: zilitufundisha nini juu ya kufa, na nini zilitudanganya?

Kufia mapajani

Kifo mashuhuri kuliko vyote katika sinema ya Kihindi ni kile cha mwana mapajani mwa mamaye. Kielelezo chake ni Mother India ya mwaka 1957, filamu ya Mehboob Khan. Nargis, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fatima Rashid, aliigiza Radha, mkulima maskini aliyesongwa na deni la mla riba. Mumewe alipoteza mikono chini ya jiwe, akaona aibu ya kulishwa, akaondoka usiku asirudi tena. Mafuriko yakamchukulia mtoto mchanga. Wana wawili aliobaki nao aliwalea kwa jasho lake.

Mmoja wao, Birju, akakua na uchungu wa bangili za mama zilizowekwa rehani, hata akawa jambazi. Siku alipomteka binti wa yule mla riba, Radha alishika bunduki, akamwonya, kisha akampiga mwanawe mwenyewe. Papo hapo akamkimbilia, na Birju akafia mikononi mwake. Picha huanza na kumalizika Radha akiwa kizee, ameombwa aufungue mfereji mpya wa kijiji. Na maji yanapotiririka, machoni pake yanageuka mekundu.

Nargis alikuwa bado hajatimiza miaka 30 alipouigiza uzee huo. Sunil Dutt, aliyekuwa mwanawe katika picha, walikuwa wa rika moja, na mwaka 1958 wakaoana. Wanawake wa zama za mama yangu walilijua hilo, wakalicheka. Lakini risasi ile ilipolia, hakuna aliyecheka. "Aliyekufa ni wawili," mama alikuwa akisema, "ila mmoja hakuanguka."

Mtindo huo ulidumu. Mwaka 1975, katika Deewaar ya Yash Chopra, Amitabh alipigwa risasi na nduguye aliye polisi, akajikokota hadi hekaluni kufia mapajani mwa mama yao. Na katika vifo vyote vya namna hii, risasi za Bombay zina adabu: huuumiza mwili, zikauacha ulimi. Anayekufa hupewa muda wa kuomba radhi, kuusia, hata kutania. Hafi mpaka amemaliza maneno yake.

Kufia mlangoni

Namna ya pili ni ya aliyechelewa. Devdas ya Bimal Roy, ya mwaka 1955, ilitokana na riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay. Dilip Kumar ni kijana aliyemkosa mpenzi wake Paro kwa kukosa ujasiri mbele ya wazazi, akaizamisha huzuni yake katika ulevi. Akiwa mahututi anakumbuka ahadi yake ya kufika kwa Paro walau mara moja kabla hajafa. Anafika usiku, anaanguka nje ya nyumba ya mumewe, na kukipambazuka watu wanamtazama bila kumjua. Paro anapopata habari anakimbia uani, na lango linafungwa mbele yake.

Wengi humlilia Devdas. Mimi kwa umri huu namlilia ukimya wake: neno la kusemwa mwanzoni alikwenda nalo hadi mlangoni, na mlangoni hapakuwa na wa kumsikiliza.

Kifo kisichoonyeshwa

Turudi kwa Sholay, kwani Jai si maiti pekee mle. Yumo Ahmed, kijana wa imamu kipofu wa kijiji. Jambazi Gabbar alipomkamata hatuonyeshwi alivyomuua. Tunaonyeshwa Gabbar akimponda chungu aliyekuwa akitembea mkononi mwake. Kisha farasi anaingia kijijini na maiti ya kijana mgongoni. Watu wanakaa kimya, na mzee asiyeona anauliza kulikoni kimya hiki.

Wanakijiji wanataka kuwatoa Jai na Veeru ili wasalimike wao. Anayewapinga ni yule mzee aliyefiwa. Kisha adhana inasikika, naye anaomba aongozwe aende kusali, akisema atamuuliza Mola kwa nini hakumjaalia wana zaidi wa kujitolea kwa ajili ya kijiji. Katika sinema iliyojaa risasi na farasi, hapo ndipo nyumbani petu paliponyamaza kabisa, hata wajomba waliokuwa wakipiga gumzo. Mzee hakupata kauli ya mwisho ya mwanawe. Alipata maiti, na wakati wa sala.

Na yumo Radha, mkwe wa Thakur, mjane kijana aliyevaa nyeupe, ambaye yeye na Jai walikuwa wakitazamana kwa mbali bila maneno. Thakur alikwishakwenda kwa baba yake kumwombea ndoa ya pili, jambo zito katika mila yao. Jai alipokufa, Radha alifiwa mara mbili. Kwetu sisi, mjane akimaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, mlango wa ndoa u wazi kisheria. Lakini ni wangapi wetu tunaomfungia kwa macho yetu na minong'ono yetu? Watoto wakiuliza kwa nini maiti wa picha zile huchomwa moto, tunawajibu upesi kwamba kila watu na dini yao. Laiti nasi tungejiuliza upesi hivyo tunamfanyia nini aliyebaki.

Kifo ambacho hakikuwa

Katika Mughal-e-Azam, filamu ya K. Asif ya mwaka 1960, Mfalme Akbar anahukumu mchezaji ngoma Anarkali ajengewe ukuta angali hai kwa kosa la kupendwa na mwana wa mfalme. Ukuta unajengwa kweli. Lakini mamaye Anarkali ndiye aliyewahi kumletea Akbar habari ya kuzaliwa kwa mwanawe, akaahidiwa kupewa atakachoomba. Kwa ahadi hiyo Anarkali anatolewa kwa njia ya siri ya chini kwa chini, na Salim anaachwa aamini kwamba amekufa.

Madhubala, aliyeigiza Anarkali, alizaliwa akiitwa Mumtaz Jehan, na moyo wake ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa. Akbar wa kumwachilia hakuwapo. Miaka yake ya mwisho aliipitisha kitandani, akafariki tarehe 23 Februari 1969, siku tisa baada ya kutimiza miaka 36.

Anand na mama

Filamu niliyoiweka ya mwisho ni Anand, ya Hrishikesh Mukherjee, iliyotoka mwaka 1971. Rajesh Khanna ni mgonjwa wa saratani mwenye miezi isiyozidi sita ya kuishi. Amitabh, kabla hajawa Amitabh tunayemjua, ni daktari wake Bhaskar, mtu wa uso mkavu. Hakuna siri: tangu mwanzo wa picha tunajua kwamba Anand amekwishakufa, na kwamba Bhaskar ameandika kitabu juu yake. Ajabu ni kwamba madaktari ndio wanaonuna. Mgonjwa anayajua yote, naye anacheka, anatania, anafanya urafiki na kila apitaye njia. Mwisho unapofika, Bhaskar ametoka kutafuta dawa. Akirudi anamkuta kimya, anamsihi azungumze, na sauti ya Anand inatoka katika kanda ya tepu waliyoirekodi pamoja.

Miaka kadhaa iliyopita mama alianza kuumwa tumbo. Daktari alituita sisi watoto pembeni, akatueleza kwamba ni saratani na imekwisha kuenea. Tukakubaliana palepale korido kwamba mama asiambiwe. Tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Tulipokezana kulinda mlango wake, wageni wasije wakateleza ulimi.

Siku moja akasema, "Nitafutieni ile picha ya Anand, niitazame." Tulitazamana. Ndugu yangu, yule yule aliyesusa chakula kwa ajili ya Jai, akamjibu kwamba picha hiyo haipatikani tena. Mama akamtazama kwa muda, akatabasamu, akaomba uji.

Alifariki alfajiri. Nilikuwa nimekwenda jikoni kupasha maziwa. Niliporudi hakuwa nasi. Sote tuliokuwa tukingoja kauli ya mwisho, usia wa mkono kichwani kama katika picha, hatukupata chochote.

Ndipo jirani yake, mwanamke waliyekua pamoja, akatuambia tufungue kasha. Ndani mlikuwa na sanda ya vipande vitano iliyokwisha kukatwa, pamba, udi na chupa ya marashi. Juu yake kulikuwa na karatasi ya madeni: ya duka la mchele, ya fundi cherehani, na kanga moja ya doti aliyoazima harusini akachelewa kuirudisha. "Alikuja kwangu miezi mitatu nyuma," jirani akasema, "tukaikata sanda pamoja. Akaniomba nisiwaambie. Alisema nyinyi bado hamko tayari."

Sisi tulimficha yeye, naye akatuficha sisi. Miezi ile mitatu, ambayo sinema yoyote ya Bombay ingeijaza maneno na machozi na nyimbo, sisi tuliijaza habari za vidonda vya tumbo. Kauli ya mwisho ilikuwapo kila siku, imekaa kitandani ikingoja mtu wa kuisikiliza, na aliyeisikia ni jirani.

Baada ya arubaini tuliitafuta Anand, na ilipatikana bila taabu. Tuliitazama ndugu wote pamoja, mlango umefungwa. Hakuna aliyeongea mpaka tepu ya Bhaskar ilipozunguka hadi mwisho. Kisha ndugu yangu akasema, "Aliijua." Tukazungumza mpaka usiku wa manane, kwa mara ya kwanza, juu ya mambo ambayo tungepaswa kuzungumza naye.

Dada zangu, uongo mkubwa wa picha zile si damu ya rangi wala farasi warukao mito. Ni ule muda: kwamba kifo kitasubiri mlangoni, kimevua viatu, mpaka tumemaliza maneno yetu. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alimhimiza mwenye kitu cha kuusia asilale hata nyusiku mbili bila wasia wake kuandikwa. Hakusema mgonjwa, alisema mwenye kitu. Na nani asiye na kitu, hata kama ni kanga ya kuazima?

Basi mkiwa na mgonjwa nyumbani, msimlinde kwa kumfungia. Muulizeni kwa upole anataka kujua nini, kisha mfuateni yeye. Akitaja kifo, msimkatize kwa "usiseme hivyo". Huenda amekuwa akitafuta mlango wa kuingilia. Ombaneni radhi angali anaweza kujibu. Na akikuombeni picha ya zamani, mpeni, mkae chini muitazame naye.

Mola awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na atujaalie tuseme ya kusemwa kabla ya lango kufungwa. Amin.